Moduli ya Saba Haina Harufu

4 Februari

Mwanangu,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo kama ungekuwa umesimama mlangoni. Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti halistahili aya nzima. Baba yako amehamia chumba cha nyuma kwa sababu cha mbele kinavuja. Fundi wa paa ameahidi kuja. Ahadi yake sasa ina umri wa kwenda shule. Dada yako bado anapiga pasi mashuka ya hoteli. Mvuke umemvimbisha vidole hata jioni hawezi kufungua kifuniko cha chupa, lakini asubuhi huondoka bila kulalamika, na hilo ndilo linaloniudhi.

Nimeyapokea maelezo ya moduli za kozi yenu ya ufundi wa miwani. Unasema simu ingekuwa rahisi zaidi. Simu haina pambizo. Nimeyasahihisha kwa wino mwekundu, kama ulivyozoea tangu ulipokuwa mwanafunzi wangu, na usiniambie kwamba wino umezidi.

Kosa lako ni moja, nalo umelirudia kila ukurasa. Unaandika kwamba mwanafunzi "ataelewa misingi", "atapata uelewa mpana", "atatambua umuhimu". Nani aliwahi kuajiriwa kwa kutambua umuhimu? Msomaji wako ni mtu aliyechoka. Amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni, anajiuliza kama aache kazi anayoijua aje kwenu. Mwambie mikono yake itaweza kufanya nini siku atakapomaliza. Mwambie nani atambishia hodi, na atakuwa ameshika nini.

Moduli ya Nne ndiyo pekee uliyoiandika kama mtu aliyekuwapo. Huyo mwalimu mnayemwita Magoti, anayeweka skrubu zake katika bakuli zito la chuma lisilotulia mezani. Likiyumba, skrubu zinamwagika na darasa zima linapiga magoti kuzitafuta. Hapo nilicheka peke yangu. Kisha ukasema kwamba aliyekwisha kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchele hatashindwa na bawaba ya miwani ya mtu yeyote. Hivyo ndivyo inavyoandikwa.

Sasa jambo lenyewe. Dada yako aliyasoma akiwa nyuma ya bega langu, nami nikajifanya sikumwona. Anataka kuja. Anataka hasa kusaga lenzi, iliyotajwa kwenye orodha yako kuwa Moduli ya Saba, kwa sababu anasema kukaza skrubu ni kazi ya kusaidia mtu mwenye duka, lakini anayesaga lenzi ndiye mwenye duka. Bahasha yako ina moduli ya Kwanza hadi ya Sita, kisha ya Nane. Ya Saba iko wapi? Akiiacha meza yake ya pasi hotelini, itachukuliwa siku hiyo hiyo. Wanawake wanasubiri nje ya lango. Hatarudi pale. Kwa hiyo nataka kuisoma kabla hajaamua.

Shangazi yako

*

20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mpe pole Baba kwa kuhama chumba, na dada kwa vidole. Huku kwetu ni kazi tu. Jirani yangu wa chumba cha pili amenunua redio, na mimi nimenunua pamba ya masikio.

Wino wako haukuzidi. Nimeandika upya zote. Sasa kabla ya kugusa moduli yoyote nakwenda karakanani, nakaa kwenye kiti cha nyuma, nauliza: "Akitoka hapa Jumatatu, atafanya nini?" Magoti alinijibu, "Atakwenda kutafuta skrubu yangu moja ambayo haijaonekana." Lakini baadaye alisema mengi ya maana, na yote nimeyaandika.

Mkuu wa chuo amefurahi. Watu wanaoulizia kozi langoni wameongezeka, na wengine wanakuja na nakala mkononi, wamepiga mstari chini ya sentensi zangu. Amenidokeza kwamba barua yangu ya ajira ya kudumu huenda ikaja muhula mpya.

Ya Saba ilichelewa kidogo tu. Hii hapa:

"Utapokea kioo kisichoona chochote, nawe utakirudisha kikiwa kinaona. Ukimaliza moduli hii, mzee aliyeacha kusoma gazeti atakuletea miwani yake, nawe utamrudishia habari za dunia. Hutangoja kiwanda cha mbali. Lenzi itazaliwa mezani pako."

Mkuu aliisoma kwa sauti katika chumba cha walimu. Walipiga makofi.

Mbona dada haniandikii mwenyewe?

Mwanao

*

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Fundi wa paa alifika, akapanda, akatazama, akashuka, akasema ni kweli panavuja.

Maelezo ya Saba ni mazuri mno. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Sikuweka hata alama moja nyekundu. Umewahi kuniona nikirudisha ukurasa mweupe?

Moduli zako nyingine zina harufu. Ya Pili ina harufu ya plastiki iliyopashwa moto ili fremu ipindike. Ya Nne ina jasho la watu wanaotambaa chini ya meza. Ya Saba inanukia karatasi. Hakuna anayejikata kidole. Mashine haina sauti. Mwalimu wake hana hata jina la utani, na katika chuo chenu kila mtu analo. Uliniambia hata mlinzi anaitwa Funguo Ziko Wapi. Kwa nini huyu peke yake hana?

Basi nijibu kwa maneno mafupi. Mashine inatoa sauti gani? Wanaongoja zamu wanafanya nini? Nani anafundisha?

Jambo jingine. Lenzi yangu ya kushoto imepasuka. Naitumia miwani yangu ya zamani kwa sasa. Hii iliyopasuka nimeiweka ndani ya kisanduku hiki pamoja na cheti cha vipimo vya macho yangu. Wanafunzi wa Moduli ya Saba wanisagie lenzi nyingine. Sina haraka.

Dada yako anakusalimu. Haandiki kwa sababu vidole vinamuuma, kama nilivyokueleza. Sina zaidi ya hilo la kusema juu yake.

Shangazi yako

*

28 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na mitihani, halafu mwalimu wa Moduli ya Kwanza alioa, halafu nikaugua mafua, halafu mashine ya kuchapa ikala karatasi. Nisalimie Baba. Nimefurahi kusikia kwamba paa limetambuliwa rasmi.

Lenzi yako hii hapa, imetiwa kwenye fremu. Natumaini utaona vizuri.

Kuhusu maswali yako: mashine ina sauti ya kawaida ya mashine. Wanafunzi wana ari kubwa. Mafundisho yamepangwa vizuri, na mkuu mwenyewe anayafuatilia kwa karibu. Kijitabu kipya kitachapishwa mwishoni mwa Agosti, na Saba itawekwa ukurasa wa kwanza, juu ya picha.

Naomba dada asiharakishe. Muhula bado uko mbali. Wewe unauliza mengi kuhusu mashine na kusema machache kuhusu yeye. Kuna jambo mnanificha?

Mwanao

*

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako mzima.

Niliomba majibu matatu. Nilipata "kawaida", "ari kubwa" na "yamepangwa vizuri". Kwa majibu hayo ningekupa sifuri shuleni, na nyumbani ningekunyima kiti.

Kisanduku kilifika Jumanne. Dada yako ndiye aliyekifungua. Alinivisha miwani kwa mikono yake, akanipa gazeti, nikasoma mpaka matangazo ya vifo. Akasimama katikati ya chumba akipiga makofi. "Shangazi, unaona? Mwanafunzi huyo! Mwanafunzi kama mimi!" Jumatano asubuhi akapeleka barua ya kuacha kazi hotelini. Sikujua mpaka alipoirudisha aproni yao.

Alhamisi lenzi ilishika vumbi. Nikaipulizia pumzi nipate kuifuta. Ndani ya ukungu, pembeni kabisa, ikajitokeza alama: herufi mbili ndogo ndani ya duara, nadhifu kama muhuri. Ukungu ulipokauka, alama ikatoweka. Nikapuliza tena. Ikarudi.

Nikaipeleka kwa muuza miwani wa hapa mjini. Hakuinua hata kichwa. "Ya kiwandani hiyo, Bibi. Wenyewe huweka alama yao, haionekani mpaka uipulizie." Nikamuuliza kama mwanafunzi wa chuo anaweza kuiweka. Akacheka mpaka akavua miwani yake mwenyewe.

Dada yako ameondoka Jumamosi kuja huko. Atakuwa amekwisha kufika ukiisoma barua hii. Alama ile sikumwambia. Meza yake ya pasi ilikuwa imekwisha kupata mtu, na hakukuwa na kitu cha kumrudisha. Nilitaka ausikie ukweli kwako, kwa kinywa chako, akikutazama usoni.

Shangazi yako

*

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Alifika kabla ya barua yako, na begi moja. Hata chai hakunywa. "Mdogo wangu, nipeleke nikaione mashine."

Nilimpeleka. Mashine iko pembeni ya karakana, imefunikwa shuka. Alilitazama shuka kwanza, na mikunjo yake. "Aliyelipiga pasi hili alikuwa anaongea na mtu." Kisha akalifunua. Mashine ni nzima na inang'aa, ila pale panapokaa mawe ya kusagia ni patupu. Mawe hayakuja na mashine. Mwalimu aliyesemekana angekuja nayo hakuja pia. Wanafunzi wa Saba huchora lenzi kwenye karatasi na kuzikata kwa mkasi.

Dada alitia kidole ndani ya tundu la jiwe, akakitoa kikiwa na utando wa buibui. Akasema polepole, neno kwa neno, "Lenzi itazaliwa mezani pako." Alikuwa ameikariri, Shangazi. Kisha akalikunja shuka kama wanavyokunja hotelini, pembe juu ya pembe, akaliweka juu ya mashine, akatoka. Amepanga chumba na msichana wa Moduli ya Pili. Anahudhuria madarasa. Kwangu haongei.

Lenzi niliinunua mjini. Mkuu alikuwa amesema mawe yatafika kabla ya muhula, nami nilimwamini kwa sababu kumwamini kulinifaa. Uliposema ukurasa ni mweupe, nilijua umenikamata. Nilidhani nikikupa lenzi nzuri utaacha kunusa.

Lakini na wewe nikuulize. Kabla sijaenda dukani, Magoti aliishika ile lenzi yako iliyopasuka, akaigeuza kwenye mwanga. "Hii haikuanguka," alisema. "Ikianguka huanza kupasuka ukingoni. Hii imegongwa katikati, na kitu chenye ncha." Nilimwambia aache kumsingizia mzee wangu. Sasa sijui. Hukutaka lenzi, Shangazi. Ulitaka kunikamata. Na wakati unanitegea mimi mtego, aliyenasa ni dada.

Mwanao

*

15 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Suala la jinsi lenzi ilivyopasuka sitalijibu.

Kuhusu dada yako umesema kweli, na huna haja ya kuisema mara mbili.

Sasa sikiliza. Kijitabu chenu kitachapishwa Agosti. Kuna mtu mwingine mahali fulani amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni, ana meza ya pasi au jembe au kaunta ambayo hatairudia akiiacha. Iandike Saba upya kwa ajili yake. Usiandike atakachofanya kama mawe yangekuwapo. Andika anachofanya. Ikiwa anakata karatasi kwa mkasi, andika mkasi. Ikiwa faida yake ni ndogo, ukurasa na uwe mfupi. Niletee ukimaliza. Sitausahihisha.

Mwambie dada yako kwamba baba yake anamuulizia kila jioni, na kwamba fundi wa paa ameleta ngazi. Ngazi ipo. Fundi hayupo.

Shangazi yako

*

19 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa kimya kwa sababu sikuwa na cha kuandika, na niliogopa kuandika vizuri.

Dada aliendelea kukaa darasani kwa Magoti, mbali na mimi. Siku moja bakuli liliyumba kama kawaida, skrubu zikaenda kila upande, wote chini. Dada ndiye aliyeliokota bakuli lenyewe. Akaligeuza. "Mwalimu, nani alitengeneza bakuli lisilo na kitako? Litakaaje?"

Magoti akamjibu kutoka chini ya meza, "Halikutengenezwa kukaa, mama. Lilitengenezwa kusagia lenzi. Hapo zamani, kabla ya mashine."

Nilikuwa kwenye kiti changu cha nyuma. Nikasema, "Magoti! Miezi yote hii! Mbona hukusema?"

"Kusema kwa nani? Uliniuliza habari za Moduli ya Nne, nikakupa ya Nne. Ya Saba si yangu, ina mashine yake na mwalimu wake mwenye shahada. Mimi ni mtu wa skrubu."

Skrubu zimehamia kwenye kopo la maziwa. Kioo kinawekwa ndani ya bakuli pamoja na maji na unga mkali wa kusagia, kisha unakizungusha kwa kiganja, na kukizungusha, na kukizungusha. Uso wa kioo hujifunza mbinuko wa bakuli. Baadaye kinang'arishwa kwa kitambaa. Wengi mikono ilikufa ganzi wakaenda kupumzika. Dada alisema ni kama kupiga pasi, ila hapa mvuke haukuchomi.

Nimeiandika Saba:

"Mashine ya kusagia lenzi ipo karakanani, lakini haina mawe, na hatujui yatakuja lini. Kwa sasa utasaga kwa mkono, ndani ya bakuli la chuma. Bakuli ni moja, kwa hiyo utangoja zamu yako. Ukingoja utakata vielelezo vya karatasi. Utasaga lenzi za kusomea tu. Kiganja kitauma, unga utaingia kwenye kucha, na lenzi yako ya kwanza utaitupa. Ukimaliza, mtu asiyeona maandishi ya karibu anaweza kukuletea miwani yake. Utamtengenezea lenzi isiyo nzuri kama ya kiwandani, lakini atasoma."

Mkuu aliisoma bila sauti. "Hili ni tangazo au onyo?" Nikamwambia ni maelezo ya moduli. Akaiondoa kwenye kijitabu. Nimeiandika kwa mkono nikaibandika langoni, na Funguo Ziko Wapi ameahidi kutoiona. Barua ya ajira ya kudumu haijaja, na sidhani kama itakuja. Juzi mwanamke mmoja alisimama langoni akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Hili bakuli lipo kweli?" Nikampeleka akaligusa. Ameandikishwa.

Ndani ya kisanduku kuna lenzi. Dada ameisaga kwa ajili ya jicho lako la kushoto, kwa kutumia kile cheti. Zilizotangulia alizitupa. Kwangu sasa anaongea, kidogo, hasa kunituma maji. Hakutaka niandike lolote juu ya lenzi hii. Amesema wewe utajua la kufanya.

Mwanao

*

1 Septemba

Wanangu,

Barua hii ni ya wote wawili, kwa hiyo marahaba mbili. Baba yenu mzima. Paa limezibwa, fundi alikuja siku ambayo hapakuwa na mtu wa kumshuhudia.

Nimemwendea muuza miwani wa hapa, akaitoa lenzi ya kiwandani na kuitia hii. Alinionya kwamba haikai sawasawa. Ni kweli. Juu ina mwanya unaopitisha upepo, na nikisoma gazeti, kila mstari hupanda kilima kidogo unapokaribia mwisho. Lakini nasoma. Barua yenu nimeisoma kwa jicho la kushoto peke yake, la kulia nimelifunika kwa mkono.

Najua mnachokingojea. Ndiyo, niliipulizia. Nilingoja ukungu ukauke, nikaipulizia upande wa pili. Kisha nikatoka nayo nje kwenye jua, kwa sababu mimi ni mimi. Hakuna alama. Kuna mikwaruzo myembamba inayozunguka, kama ya mtu aliyezungusha mkono wake muda mrefu sana bila kuuinua.

Mwambieni huyo Magoti wenu kwamba lenzi yangu ya kulia ni nzima, na itabaki nzima. Ule msumari wenye ncha nimekwisha kuupigilia ukutani, juu ya meza yangu. Umeshika ukurasa wa Moduli ya Saba. Sijausahihisha.

Shangazi yenu